Muhogo wa Ukingoni

Nilifika Kurui kama nilivyofika sehemu nyingi maishani, bila kupanga. Lori lililokuwa linapeleka mabati kwenye ujenzi wa shule lilihitaji mtu wa kushusha mzigo, nikapanda. Tuliposhusha, lori likarudi na mimi nikabaki, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona kijiji kile na nilitaka kujua kuna nini nyuma ya kile kilima.

Nyuma ya kilima kulikuwa na shamba la mama mmoja mjane. Kwa umri angeweza kuwa bibi yangu, kwa hiyo nikamwita bibi, naye akaniita Mtembezi. Alinipa kibanda cha jikoni cha zamani nilale, nami nikamlipa kwa jembe. Ilikuwa mwanzo wa masika, wakati wa kupanda.

Huko wanapanda muhogo wa aina mbili. Mtamu unakaa karibu na nyumba, huo wa kuchemsha na kula. Mchungu unapandwa ukingoni, kuzunguka shamba lote, kwa sababu nguruwe pori wakija wanauonja na kugeuza. Mchungu haupikwi hivi hivi. Unamenywa, unavundikwa majini siku kadhaa mpaka ulainike na kunuka, unaanikwa, ndipo unatwangwa kuwa unga. Na hata ule mtamu, siku ya kuchimba, mchimbaji anamega kipande cha kila mzizi, anakitafuna kibichi na kukitema kabla ya kuutia mzizi kwenye kikapu. Kila mzizi. Nilipomwuliza bibi kwa nini asionje mmoja tu kwa kila shina, aliniangalia kama nimemwuliza kwa nini anavaa nguo.

"Wewe ukiingia kwa watu unaangalia mmoja tu, wengine unawaacha?"

Asubuhi moja aliniwekea mafungu mawili ya pingili za kupanda. Fungu la mtamu alilifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, la mchungu kwa kamba ya mgomba. Akaitwa msibani kijiji cha pili. Akaniambia, "La kanga hapa karibu na nyumba, la mgomba kule nje. Usije ukanipindulia shamba." Akaondoka na wanawake wenzake.

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Shule niliiacha kidato cha pili, na sikuiacha kwa uvivu wa kichwa, niliiacha kwa sababu walimu walichoka na maswali yangu kabla mimi sijachoka kuyauliza, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kunirudisha. Basi nikafungua mafungu yote mawili. Nilitaka kuona kama utomvu wa mchungu ni tofauti na wa mtamu. Nikakata ncha, nikanusa, nikalamba, nikapanga pingili chini kama mtu anayechagua viatu. Zilifanana kabisa, za kijivu zenye macho macho. Hapo ndipo mvua iliposhuka kwa ghafla. Nikazikumbatia zote, nikakimbilia chini ya upenu, nikazitupa.

Mvua ilipokatika nilikuwa na lundo moja.

Ningeweza kumsubiri nimwambie. Angenitukana, tungetafuta pingili nyingine kwa jirani, tungecheka. Badala yake nilizigawa kwa kukisia, hii nadhani, hii nadhani, nikafunga fungu moja kwa kanga na jingine kwa mgomba, nikapanda. Bibi aliporudi alisimama mbele ya matuta akasema, "Kumbe una mkono." Siku nne baadaye niliaga.

Sikuwaza tena. Nilivunja kokoto, nikachimba mashimo ya nguzo za uzio karibu na reli mpya pale Soga, na nilipenda kusimama kila treni ilipopita, nihesabu madirisha na kushindwa. Mwishowe nikapata kazi ya kulinda nyumba isiyokwisha huko Sofu, Kibaha. Mwenye nyumba alikuwa anafanya kazi mjini na alikuja siku za Jumapili kuangalia ukuta wake.

Bibi alikuwa na namba yangu. Mwezi mmoja kabla ya mfungo alinipigia. Alikuwa anapiga kelele, kama wazee wengi wanaoamini kwamba umbali unahitaji sauti.

"Mtembezi! Binti yangu amekuja kujifungua. Mimba ya kwanza, lazima iletwe kwao. Njoo mwezi wa Ramadhani ufuturu kwetu. Nimeutunza ule muhogo wako wa karibu na nyumba, sijagusa hata shina. Tutafuturu nao mfungo ukiingia."

"Nitakuja, bibi," nikasema.

Nilikata simu nikabaki kama mtu aliyefunga mlango kisha akashindwa kukumbuka kama alitia komeo. Nikajiambia, watauonja. Kila mzizi wanauonja.

Siku ya tatu ya mfungo, mbuzi wa mzee jirani yetu pale Sofu alianguka. Alikuwa mbuzi mnene, mtundu, aliyekuwa anaingia popote. Asubuhi ile aliingia uani kwa mtu aliyekuwa anamenya shehena ya muhogo wa kutengenezea unga, akala maganda mpaka akatosheka. Saa chache baadaye akawa anatembea kama amelewa, akalala, akawa anahema kwa nguvu, mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto. Mzee alikuja mbio na kisu, kumuwahi kabla hajafa mwenyewe akawa mzoga. Nilimshika miguu.

Damu ilipotoka, mzee alisita.

"Mbona nyekundu hivi?" akasema. "Mnyama anayekufa damu yake huwa nyeusi."

Ilikuwa nyekundu inayong'aa, nyekundu ya furaha, na ilitoka mshipa wowote ule ikiwa vile vile. Mzee alifuta kisu kwenye majani, akatikisa kichwa, akasema nyama hii hailiwi, chimba shimo. Nikachimba. Lakini rangi ile ilikataa kunitoka machoni.

Kwenye nyumba ya kupanga iliyo mbele yetu alikaa mwalimu wa baiolojia wa sekondari, mwanamke aliyetoka bara, kijana kuliko mimi. Nilikuwa nimeshamsumbua kwa mambo mengi. Siku hiyo nilimkuta barazani anasahihisha mitihani.

"Mwalimu, mnyama aliyekosa pumzi, damu yake inakuwaje nyekundu?"

"Kaka, leo sina nafasi."

"Swali moja tu."

"Swali lako moja huwa na wajukuu." Lakini akaweka kalamu chini. "Alikula nini?"

Nikamwambia. Akageuza karatasi ya mtihani iliyoharibika, akaanza kuchora nyuma yake.

Alisema ndani ya kila chembe ya mwili kuna vijumba vidogo vya kutengeneza nguvu, na kwenye kuta za vijumba hivyo kuna mnyororo wa vimeng'enya vinavyopokezana elektroni, hiki kinakipa kile, mpaka cha mwisho. Hicho cha mwisho ndicho kinachokutana na hewa. Hakijajengwa kwa kitu kimoja, ni vipande zaidi ya kumi vilivyoshikana, lakini kazi yenyewe iko kwenye kipande cha kwanza, kikubwa kuliko vyote. Akachora fito kumi na mbili zilizosimama zikitoboa utando upande hadi upande, kila ufito umejisokota kama springi. Katikati ya fito akaacha uwazi. Ndani ya uwazi akaweka nukta mbili.

"Hii ni chuma. Hii ni shaba. Zinatazamana, na nafasi iliyo kati yao ndogo mno. Oksijeni uliyoivuta puani inasafiri njia yote kuja kukaa hapa, kati ya hizi mbili. Kipande cha pili, hiki cha pembeni, kinapokea elektroni na kuzipitisha huku moja moja. Zikitimia nne, oksijeni inakuwa maji."

"Maji?"

"Maji. Mwisho wa pumzi yako ni maji. Na kila inapotokea hivyo, kimeng'enya kinasukuma chaji upande wa pili wa utando, na msukumo huo ndio unaokufanya uweze kunyanyua mkono na kunisumbua."

"Na mimi ninacho hicho kipande?"

"Hata wewe unacho. Tena maelekezo ya kukijenga umepewa na mama yako peke yake. Baba hana mchango hapo."

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa ameshika kalamu juu ya nukta ya chuma.

"Sasa, muhogo mchungu ukisagika au ukitafunwa unatoa sianidi. Ni kidude kidogo tu. Kinaingia humu ndani na kukaa juu ya chuma." Akaiziba nukta kwa wino. "Oksijeni inafika, inakuta kiti kina mtu. Inarudi. Mbuzi wako hakukosa hewa, kaka. Hewa ilikuwa imejaa kwenye damu yake yote, ndiyo maana ilikuwa nyekundu. Ilikosa pa kukaa."

Nikauliza, na mtu je? Akasema mtu vile vile. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, kuhema. Akizidisha anaanguka. Kuna wengine hawafi, wanapona wakiwa na miguu iliyokakamaa ambayo haitanyooka tena. Mwili una njia ya kuiondoa ikiwa kidogo, lakini unahitaji salfa, na salfa unaipata kwenye samaki, mayai, maharage. Mtu asiyekula vizuri yuko hatarini zaidi.

"Na ukiuchemsha?"

"Mzima mzima kwenye sufuria? Haitoshi."

"Lakini watu wanaonja kwanza," nikasema. "Kule Kurui wanaonja kila mzizi."

"Basi vizuri," akasema, akachukua kalamu yake nyekundu. Kisha, bila kuinua macho, akauliza kitu kidogo tu, kama mtu anayeongeza chumvi. "Hata mwezi huu?"

Nilikuwa nimeshasimama.

Mtu aliyefunga haonji. Nilimjua bibi, hakuwa mtu wa kutafuta ruhusa katika dini yake. Mwaka uliopita, nilipokaa kwake, zilikuwa siku za mfungo wa sita wa baada ya Idd, na alikataa hata kupiga mswaki mchana. Asingetia kipande cha muhogo mdomoni saa nane ya mchana kwa sababu yoyote. Angechimba karibu na nyumba, pale nilipopanda mimi, kwa sababu hapo ni pa mtamu. Alikuwa na hakika na shamba lake. Hakika hiyo nilimpa mimi.

Simu yake haikupatikana. Haikuwa ajabu, aliichaji dukani kwenye sola, siku nyingine ilikaa imezima mpaka kesho yake. Nilipiga mara saba.

Bodaboda wa kwanza alikataa. Wa pili aliniangalia miguu hadi kichwa. "Kurui? Broo, huko si tutafika Idd?"

"Twende."

"Unaenda kufumania au?"

"Kuna watu watakula sumu magharibi."

Akawasha pikipiki. Tulipita Soga, tukakatiza chini ya reli, tukashika barabara ya vumbi. Alizoea kuongea, nikamsikia akianza sentensi na kuiacha. Kila tulipopita shamba la muhogo niliangalia majani, yote yalikuwa mazuri, ya kijani, yenye vidole vilivyonyooka, na hakuna hata shamba moja lililonionyesha chochote. Jua lilikuwa linashuka upande wangu wa kulia. Nikawa ninahesabu: saa ya kumenya imepita, saa ya kukuna nazi imepita, sasa sufuria iko jikoni.

Ilikuwa jikoni kweli. Nilinusa tui kabla sijashuka. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachochea moto, amechoka kwa saumu, na aliponiona uso ukamfunguka.

"Mtembezi! Nilijua tu. Leo ndiyo nimechimba muhogo wako."

"Shikamoo bibi. Mmeuonja?"

"Marahaba. Salamu gani hiyo? Nimefunga, nitaonjaje?"

"Binti je? Yeye mjamzito, hafungi."

"Huyo amekula mchana. Nilimchemshia vipande viwili vitatu, na mbichi ametafuna wakati namenya, wanapenda sana vibichi vibichi wakiwa hivyo." Akaelekeza kijiti mlangoni. "Kalala. Kichwa kinamuuma, katapika. Mimba hiyo, ya kwanza haina adabu."

Niliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nyumbani kwa mtu. Binti alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mkono mmoja chini ya tumbo. Alikuwa anahema haraka, mdomo wazi. Mashavu yake yalikuwa na rangi nzuri. Hilo ndilo lililonitisha.

"Dada, ulipokula hukusikia uchungu?"

Alifungua macho taratibu. "Tangu mimba iwe ya miezi mitatu kila kitu kichungu mdomoni mwangu. Hata maji." Akavuta pumzi mbili, tatu. "Kaka, mtoto hajacheza tangu adhuhuri."

Nilitoka nje. Bibi alikuwa anatwanga iliki. Ningeweza kusema nimesikia mjini kuna muhogo mbaya. Ningeweza kusema lolote, na alikuwa mtu wa kujua shamba lake, angenijibu kwamba huu ni wa karibu na nyumba, mtamu tangu enzi za mama yake, na tungebishana mpaka adhana. Kulikuwa na neno moja tu ambalo lingemsimamisha.

"Bibi, nilichanganya mbegu."

"Mbegu gani?"

"Siku ile ya msiba. Nilifungua mafungu yote, mvua ikaja, yakachanganyika. Nikapanda kwa kukisia. Sikukwambia."

Mchi ulibaki hewani. Hakunitukana. Aliniangalia kwa namna ya mtu anayetazama kitu alichokikuta ndani ya nyumba yake, hajui kimeingiaje. Kisha akainuka, akaenda kwenye kikapu, akachukua mzizi mbichi, akaumega. Jua lilikuwa bado linaonekana juu ya minazi. Robo saa tu, labda pungufu, na adhana ingesikika kutoka msikiti wa chini.

Akautia mdomoni, akatafuna, akatema. Akachukua wa pili. Wa pili akautema kwa nguvu na kupangusa ulimi kwa upindo wa kanga, tena na tena.

"Wa ukingoni," akasema.

Akaipiga sufuria teke. Futari ikamwagika juu ya mafiga, tui likachemka kwenye majivu, na moto ukafa kwa sauti ndefu. Mbwa alisogea, bibi akamfukuza kwa mchi.

Tulimweka binti katikati ya dereva na mimi kwenye pikipiki, nikamshika kwa nyuma njia nzima mpaka kituo cha afya, na njia nzima kichwa chake kilikuwa begani kwangu kikipiga kila shimo. Mganga alisikiliza maelezo yangu ya fito kumi na mbili na nukta ya chuma, akasema, "Wewe ni nani hasa?" lakini alinisikiliza. Alimwekea oksijeni na maji ya mshipa. Alipochoma sindano ya kuchukua damu mkononi, kwenye mshipa ambao damu yake inapaswa kuwa nzito na nyeusi, bomba likajaa nyekundu ile. Nikamshika mganga mkono nikasema, nimeiona hii asubuhi. Akaondoa mkono wangu kwa upole. Mkunga aliweka tarumbeta ya kusikilizia juu ya tumbo, akafumba macho, akahamisha, akafumba tena. Hakutwambia alichosikia.

Alfajiri mtoto alicheza. Binti aliuchukua mkono wa mama yake akauweka pale. Bibi, ambaye alikuwa amefika kwa miguu sehemu kubwa ya njia, alilia bila sauti, kisha akaniambia maneno ya kwanza tangu jana yake.

"Hujaondoka?"

"Sijaondoka."

"Usiondoke. Una kazi."

Kazi ilikuwa hii. Yeye alirudi kufunga, na ile siku moja alisema atailipa baada ya Idd. Binti alikatazwa kugusa muhogo wowote. Nyumba nzima ilibaki na mdomo mmoja usiofunga wala kukatazwa, wangu. Basi nikaanza tuta la kwanza, nikang'oa shina, nikamega mzizi, nikatafuna, nikatema. Nikamega wa pili. Mtamu niliuweka kulia, mchungu kushoto, na shina la mchungu nililikatakata ili lisipandwe tena. Nilikuwa nimetumaini nitakuta mpango fulani, kwamba labda tuta hili lote zuri, lile lote baya. Hakukuwa na mpango. Mtamu na mchungu walisimama bega kwa bega, majani sawa, kimo sawa, tuta baada ya tuta, kama nilivyowapanda. Jioni ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi ya mtu mwingine.

Siku ya sita binti alitoka nje kwa mara ya kwanza. Alisimama mlangoni akishika ukuta, kwa sababu magoti yalikuwa bado yanamtetemeka akisimama muda mrefu, na hakuna aliyeweza kutuambia kama yatatulia au ndiyo yatakavyokuwa. Tumbo lilikuwa limeshuka. Ndani yake mtu alikuwa anajengwa kwa maelekezo ya mama yake, fito kwa fito, na mimi nilijua kiti kilicho katikati yake kilikuwa kimezibwa kwa saa kadhaa, na sikujua saa hizo zimechukua nini.

Alinitazama nikitafuna mzizi.

"Huo je?"

Nilisubiri uchungu uje. Haukuja. Nikatafuna tena kuwa na hakika.

"Mtamu," nikasema, nikamnyooshea nusu iliyobaki, kwa mazoea tu, nikiwa nimesahau katazo.

Aliutazama mkono wangu. Aliendelea kushika ukuta.

"Onja tena," akasema.